Udongo wa Mbwa

Keko Machungwa, Temeke
9 Januari 2025

Mwanangu Munira,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Kama umefika salama na begi lako lote, alhamdulillahi. Huku sijambo. Chapati zinakwenda, mafundi seremala wananisumbua vilevile, na Kasiani yule wa makochi bado anasema maharage yangu hayana nazi, kisha analeta sahani nimuongeze.

Barua hii naandika kwa mkono wangu huuhuu wa darasa la nne, usicheke. Simu siiwezi. Nikisikia sauti yako nalia, nikimaliza kulia la maana nimeshalisahau. Basi tuandikiane. Mama Brightson atapiga picha karatasi akutumie kwa simu yake kubwa, na zako atanitolea pale steshenari, nitazisoma taratibu nimekaa kwenye mbuzi yangu ya nazi. Ila ujue jirani yetu huyu macho yake hayana pazia. (Wewe Gladness, Mama Brightson, najua unasoma hapa. Kawa yangu irudishe.)

Sasa nakukumbusha tulivyoagana. Uliniambia chuo kinataka uende field, ukajifunze udaktari wa mifugo kwa vitendo, na bahati yako imeangukia Uholanzi, zahanati ya wanyama, mpaka Idi inakaribia. Nikakwambia sawa, lakini kwa sharti. Ng'ombe sawa. Mbuzi, kondoo, kuku, hata punda sawa. Nguruwe usinitajie. Na mbwa hapana. Ukasema "ndiyo mama", na kwa sharti hilo nikakupa radhi yangu pale uwanja wa ndege, watu wanatusukuma na matoroli. Radhi ya mama si nauli, kwamba ukishashuka basi imekwisha kazi. Ukivunja sharti naichukua.

Kinyaa changu unakijua. Babu yako alikuwaga akiguswa na pua ya mbwa anaingia chooni na ndoo, anaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo anamsalimia mtu. Nami nimekua hivyo. Hawa wa Keko nawaona kila siku jalalani wanavyotafuna nepi za watoto, kisha ulimi uleule wanalamba mguu wa mteja. Mwili mzima unanisisimka hata kuandika.

Vaa soksi mbili. Kula.

Mama yako,
Zuena


Uholanzi
15 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara nyingi, nimecheka peke yangu mpaka wenye nyumba wakagonga mlango kuuliza kama naumwa. Soksi navaa tatu.

Baridi ya huku, mama, si ya kusimulia. Ardhi imekuwa ngumu kama sakafu ya zege. Daktari anayenifundisha anaitwa Dokta Annelies, mwanamke mrefu, mkali, hana maneno mengi. Jumatano alinichukua shambani. Ng'ombe wao ni wakubwa kama yale makabati ya milango mitatu ya Kasiani. Nilivaa glavu mpaka begani, nikaingiza mkono nyuma ya ng'ombe kupima mimba. Ndani kuna joto, mama! Ndiyo mara ya kwanza vidole vyangu kupata joto tangu nifike. Ng'ombe akakohoa, na kila kitu kilichokuwa ndani kikatoka kikanipata kifuani. Dokta Annelies hakucheka. Akasema tu, "Karibu kazini."

Kwa hiyo ndiyo kazi zangu. Ng'ombe. Usiwe na wasiwasi.

Halafu nina swali, si langu, ni la mwenzangu mmoja hapa. Kama mtu amepata najisi ya mbwa, na ardhi yote imeganda haichimbiki, sabuni inatosha? Au afanyeje?

Msalimie Mama Brightson, mwambie kawa airudishe.

Mwanao,
Munira


Keko Machungwa
27 Januari 2025

Munira,

Sianzi na salamu, utanisamehe, au usinisamehe.

Ijumaa nimekaa nasukuma chapati, Gladness kaja mbio, simu mkononi, meno yote nje. "Mama Munira, njoo umwone mwanao, katoka kwenye mtandao wa zahanati yao!" Nikafuta mikono, nikavaa miwani. Nikasema labda nitamwona ng'ombe.

Nimekuona wewe, na hijabu yako ya bluu niliyokununulia. Umekumbatia jibwa jeusi kama gunia la mkaa. Na ulimi wake, Munira, ulimi wote, umelala hapa shavuni kwako, toka kidevuni mpaka chini ya jicho. Na wewe unacheka. Unacheka! Shavu hilo nilikuwa nikilibusu mimi.

Nimetapika. Sisemi kwa kunogesha. Nimekwenda nyuma ya banda nikatapika chai na kitumbua, Kasiani akaja na kopo la maji akadhani ni malaria. Unga niliokuwa nimeukanda nimeumwaga, kwa sababu mikono ilishika ile simu. Najua najisi haipiti kwenye kioo. Najua. Nimeumwaga hivyohivyo.

"Swali si langu, ni la mwenzangu." Mwenzako nani? Mwenzako ni huyo mwenye ulimi?

Watu nilishawaambia. Mzee Mwishehe wa duka la mbao aliniuliza nikamjibu, mwanangu anatibu ng'ombe wa Ulaya, ng'ombe mmoja maziwa yake yanajaza pipa. Sasa nimwambie nini? Toka lini mbwa akawa mfugo?

Radhi yangu naichukua. Naichukua yote.

Zuena

(Gladness, hii usiipige picha vibaya. Isomeke yote.)


Uholanzi
5 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiandika nafuta. Sasa naandika bila kufuta.

Nilipofika ndipo nikaelezwa. Mashamba makubwa yana madaktari wao. Zahanati hii ni ya wanyama wa majumbani. Ng'ombe ni Jumatano tu. Siku nyingine zote ni mbwa, paka, na sungura mmoja mwenye kisukari. Nilitaka kukwambia siku ileile. Nikaona utalia, nikasema nitamwambia wiki ijayo, kisha wiki ijayo ikaja na ulimi.

Unadhani kinyaa unacho peke yako? Mimi ni mtoto wako, mama. Asubuhi ya kwanza kabisa aliingia bibi mmoja na kijibwa kimevaa sweta. Dokta Annelies akanipa glavu na mafuta. Mbwa wana vifuko viwili vidogo pembeni ya tundu la haja kubwa, vikiziba hawana raha, wanajiburuta makalio kwenye mazulia. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kidole na kuvikamua. Nikakamua. Harufu yake ni kama utumbo wa samaki uliosahauliwa kwenye ndoo juani, na juu yake harufu ya misumari yenye kutu. Tone moja likaruka likanipata kidevuni. Nikakimbilia sinki nikatapika, na nilipogeuka yule bibi alikuwa amemnyanyua mbwa wake anambusu mdomoni, "umeona, mpenzi wangu, yamekwisha." Nikatapika tena.

Juzi mwingine alitapika soksi ya mwenye nyumba, nzima, imefura kama maini. Kabla sijaiokota akataka kuila upya.

Ile picha, yule mbwa mweusi alikuwa amefunguliwa tumbo wiki iliyotangulia, hakuna aliyetegemea ataamka. Alipoamka alinirukia. Nilicheka kwa sababu alikuwa hai. Dakika iliyofuata nilikuwa bafuni.

Kila jioni naosha mara saba, mama. Udongo ndio tabu. Nje kumeganda, nimevunja kijiko cha wenye nyumba. Nikachukua wa kwenye chungu cha maua sebuleni, nikajisugua vizuri uso na mikono, kisha wakaniambia kwa upole ule una mbolea ya kinyesi cha kuku.

Nikiacha sasa, chuo kitanirudisha nyuma mwaka mzima. Lakini ukiniamuru nirudi nitarudi, sitabishana. Ila kubaki huku bila radhi yako siwezi. Jana nimetafuta mshipa wa paka nimeukosa, mkono hautulii. Dokta Annelies kaniuliza nina nini. Nikamwambia ni baridi.

Mwanao,
Munira


Keko Machungwa
9 Februari 2025

Munira,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma vipande vipande. Pale kwenye vifuko niliweka karatasi chini, nikaenda kupunga upepo, nikarudi. Wenzio wanakamua maziwa, mwanangu anakamua makalio ya mbwa. Ya Rabi, na kidevuni! Yule bibi naye anabusu! Hivi mume anaye? Anakula naye meza moja?

Gladness kasoma na yeye, wala hakuficha, akasema kwao Machame mbwa analinda migomba na hakuna aliyekufa. Nikamwambia kwenu hakuna aliyewakamua.

Sikuambii rudi. Sikuambii kaa. Radhi nimeikunja nimeiweka chini ya godoro, naitazama. Lakini siwezi kulala najua mtoto wangu anajipaka mavi ya kuku usoni akitafuta tohara.

Kwa hiyo nimekufanyia jambo. Udongo wa Keko siuamini, hakuna hapa pa kukanyaga ambapo mbwa hajaachia kitu. Nimepanda mpaka Madale kwa shangazi yako, kule kilimani nyuma ya nyumba ambako ukuta wameshaujenga na mbwa hapiti. Nimechimba mwenyewe. Shangazi yako anashika kiuno ananiuliza, "Wifi, umekosa mchanga wa kujengea?" Nimeuanika juu ya bati, nimeuchekecha kwa chekecheo la unga, laini kama poda ya mtoto. Mwekundu, mzuri, hata kuula ungeula. Nimeutia kwenye mfuko, nikaufunga na ile khanga yangu ya kijani, na juu nimeandika kwa kalamu nene UDONGO WA MBWA, usije ukadhani ni unga wa makopa ukasonga ugali.

Mudathir wa Mzee Mwishehe anakuja huko kutafuta mashine za mtumba za kuranda mbao. Anaondoka keshokutwa. Nimemwambia ni dawa ya ngozi.

Kila jioni chukua kijiko kimoja tu. Usigawe.

Mama yako,
Zuena


Uholanzi
18 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Usikae karibu na mafuta ya moto.

Mudathir kafika. Amekuja kwangu jana, hanisemeshi vizuri, nami simlaumu.

Pale uwanja wa ndege wa huku wana mbwa wa kunusa mizigo, kavalishwa kizibao kama askari. Mudathir anapita na begi lake, mbwa akamfuata. Akakaa chini mbele ya begi. Kumbe mbwa akikaa ndiyo kashasema. Wakafungua. Mbwa akachomeka pua yote ndani ya khanga yako, akanusa, akapiga chafya kwenye udongo, kisha, mama, akaulamba.

Udongo wa kuondolea mate ya mbwa, umelambwa na mbwa.

Wao walipoona unga mwekundu, laini vile, umefungwa kwa kitambaa na maandishi juu, wakamvua Mudathir mpaka viatu. Wakamwambia atafsiri maandishi. Angeweza kudanganya kitu kimoja kizuri, lakini jasho lilikuwa linamtoka, akawaambia neno kwa neno, udongo wa mbwa. Wakauliza, unampelekea mbwa udongo? Akasema hapana, ni wa binti wa jirani, anapaka. Wakatazamana. Ofisa mmoja akarudisha mkono nyuma kwa kasi akauliza kama ni mavi ya mbwa yaliyosagwa. Mudathir kasema, "Mie nimeambiwa ni dawa ya ngozi." Hapo ndipo kila mtu akavaa glavu.

Wameutupa. Udongo kutoka nje hauruhusiwi kuingia, tungejua tusingemtesa. Khanga wamemrudishia na ute umekaukia kwenye pindo. Ameniletea ndani ya mfuko, kashika kwa ncha za vidole viwili, kanipa mlangoni, akakataa chai.

Nililia, mama. Si kwa aibu. Nilikuwa nakuona unavyochekecha.

Dokta Annelies aliniona macho mekundu, ikabidi nimweleze yote, mara saba na udongo na wewe na Madale. Nilitegemea ataniona mjinga. Akasema, "Kumbe ndiyo maana sijawahi kukukumbusha kunawa. Wanafunzi wote nawakumbusha." Leo asubuhi nimekuta kwenye kabati langu mfuko wa udongo wa mfinyanzi, safi, kanunua dukani kwa wanaofinyanga vyungu.

Mshipa wa paka bado unanishinda. Godoro lako linasemaje?

Mwanao,
Munira


Keko Machungwa
24 Februari 2025

Munira mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakumbuka khanga yangu. Ichome moto. Usiifue, usiipige pasi, ichome. Ilikuwa khanga ya arobaini yako.

Mzee Mwishehe kanijia juu, ati nimemwaibisha mtoto wake mbele ya Wazungu. Nikamwambia aliyemwaibisha ni mbwa. Hakuna aliyecheka ila Kasiani.

Huyo Dokta wako mwambie ahsante. Ana malezi.

Godoro bado halijasema. Usinisukume.

Ramadhani imekaribia, nimeanza kununua tambi na tende. Mguu umenivimba kidogo ndiyo maana nimechelewa kuandika. Si kitu. Alhamisi nilikuwa namwaga maji ya kuoshea samaki, kikatoka kijibwa chini ya fremu za makochi ya Kasiani, rangi ya vumbi, kichwa kinayumba, udenda umening'inia kama gundi ya mbao. Hata hakikubweka. Nikakitishia na mwiko, kikanirukia, kikanitia jino juu ya kifundo cha mguu. Mimi, Zuena! Nilipiga ukelele wakadhani moto. Lakini usiwe na wasiwasi, nimeshamaliza. Udongo wa Madale ulibaki kidogo kwenye kopo, nikajisugua nao kwanza, nikausindilia mpaka ndani ya tundu la jino, kisha maji mara zote zilizobaki. Najisi imetoka yote, niko tohara. Sijamwambia mtu, maana wataacha kununua chapati. (Gladness, nawe usiseme.) Kijibwa chenyewe jana kimekutwa kimekufa palepale, na povu.

Hao mbwa wenu huko, hata wakifa wanavalishwa sweta.

Mama yako,
Zuena


Uholanzi
25 Februari 2025

Mama Brightson, shikamoo.

Nimempigia mama simu tangu alfajiri, anakata. Naomba unisaidie, na safari hii nashukuru kwamba unasomaga. Umeisoma ile ya jana? Yule mbwa alikuwa na kichaa. Udenda, kuyumba, kutobweka, kufa, kila dalili ipo. Ugonjwa huu ukishaanza kwa mtu hakuna daktari duniani wa kuurudisha. Lakini kabla haujaanza chanjo inauzuia, kwa hiyo ni leo. Mshike mkono umpeleke hospitali, hata kwa kumburuta. Kwanza akae chini ya bomba, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda mrefu, udongo wote utoke. Mwambie nesi: mbwa kafa, mbwa hakuwa na mwenyewe.

Na haya msomee kwa sauti:

Mama, ulijiosha vizuri na najisi imetoka, hilo silipingi. Lakini ndani ya yale mate kulikuwa na kitu kingine ambacho maji hayakifikii. Mimi nimejifunza hapa hapa, kwa mbwa haohao. Kama hukwenda leo, nakwenda kwa Dokta Annelies kuaga, napanda ndege kesho, field ife. Uliniuliza mbwa toka lini akawa mfugo; jibu liko mguuni kwako. Tafadhali mama, nenda.

Munira


Keko Machungwa
26 Februari 2025

Munira mwanangu,

Marahaba. Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Brightson, naandika haraka, mama yako kalala hapa kwangu na kawa yake nimemrudishia.

Nilimsomea. Akaniambia haendi. Akasema sindano ya kichaa cha mbwa inatengenezwa kwa mbwa, ametumia miaka yote kumkwepa mbwa asimguse nje, sasa amwingize ndani? Tena akasikia zamani zinachomwa kitovuni. Nikambembeleza. Nikamletea Kasiani, naye akambembeleza, kasimama na randa yake mkononi. Akasema, "Niacheni, niko tohara, nikifa nakufa safi."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia, Mama Munira, hufi safi. Mtu wa ugonjwa ule anatokwa udenda hauzuiliki, maji hataki kuyaona, si ya kunywa wala ya udhu. Watakufunga kamba. Watu watachungulia dirishani waseme, yule Zuena mwenye kinyaa, mwoneni mate yake yamegeuka ya mbwa. Na ukiwa maiti, nani atakushika akuoshe?

Akaingia ndani akatoka kavaa baibui, akauliza, "Bajaji iko wapi?"

Utanisamehe kumtisha, ndiyo njia niliyoiona. Kachomwa begani, na nyingine pembeni ya kidonda ambayo alinifinya mpaka nina alama. Udongo walimtoa kwa maji na pamba, kidonda kilikuwa kimeshaanza usaha, nesi mwenyewe akageuza uso. Sindano nyingine kapangiwa tarehe, nitamfikisha zote.

Usipande ndege. Kasema hivyo yeye. "Mwambie akae." Nikamuuliza ndiyo radhi hiyo? Akasema nisimuingilie.

Mama Brightson


Keko Machungwa
20 Machi 2025

Mwanangu Munira,

Waalaykum salaam, na Ramadhani karimu. Nimemaliza sindano. Mguu umekauka, limebaki kovu kama punje ya mahindi. Naliangalia kila nikitia udhu, na kila nikiliangalia mate yananijaa mdomoni kwa kinyaa. Sikudanganyi. Kinyaa hakijatoka, wala hakuna sindano yake.

Nilichelewa kuandika kwa sababu sikujua nikuandikieje. Siku ile hospitali tulikaa foleni kwenye benchi na mama mmoja wa Kibamba, mtoto wake kaumwa shavuni na mbwa wao wenyewe wa geti. Shavuni, Munira. Palepale. Yule mtoto kashika kitambaa. Nesi kamuuliza mama yake, mbona mmechelewa, akajibu hakuna aliyetuambia. Kisha kanigeukia mimi na kidonda changu cha matope. "Na wewe bibi, nani kakwambia uje?"

Nikasema, "Mwanangu. Ni daktari wa mbwa."

Benchi zima likanitazama. Nilingoja mdomo uchache kwa kulitamka hilo. Haukuchacha. Yule mama wa Kibamba akaniuliza, "Yuko wapi nimlete huyu mbwa wa kwangu apewe chanjo kabla hajauma mwingine?" Nikamwambia yuko mbali, lakini Idi atakuwa hapa. Kwa hiyo nimeshakupatia kazi, nisamehe, simu yake Gladness anayo. Na Kasiani anasema nyuma ya karakana wamebaki wengine, mtawashika nyinyi, mie nitakuwa ndani nimefunga mlango.

Godoro nimelifunua. Radhi yangu nimekurudishia, yote, haina sharti. Ya nguruwe tutaizungumza.

Gladness kaniambia jana umeupata mshipa wa paka.

Ile picha waambie waitoe. Kama hawataki, basi waweke na ya ng'ombe juu yake, ili anayeanza kutazama aanze na ng'ombe. Na yule bibi wa sweta akija tena mwambie kuna mama huku anamwombea.

Ukifika usinikumbatie mlangoni. Pita uani moja kwa moja. Ndoo nitakuwa nimeshaijaza, na udongo nimeuleta mwingine kutoka Madale, uko kwenye kopo juu ya ukuta, haujanuswa na mtu. Utakaa kwenye mbuzi yangu, utanyoosha mikono, nami mwenyewe nitakumiminia, mara zako zote saba, taratibu.

Kisha utaingia jikoni utapika wewe. Nitakula.

Mama yako,
Zuena